Kikombe Ambacho Emile Hakukigusa

Kiangazi cha mwaka 1954 wazungu walishindana kwa motokari mara tatu, kutoka Kasongo mpaka Kabambare. Kwenye mto Luama kulikuwa vivuko viwili vya mitumbwi iliyofungwa pamoja. Sisi tulishangilia motokari ya rangi ya majivu, sababu mume wangu Emile, kapita, mukubwa wa wapiga kasia, ndiye aliivusha. Mara zote tatu ilifika mutoni ya pili, ikatoka ya kwanza. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Siku ya kutoa kikombe, Emile akavaa shati ya misa.

“Baba Sidonie, unaenda Kabambare bila karatasi ya safari?”

Akacheka. “Mama Sidonie, mikono hii ndiyo iliwashinda. Nataka kukigusa tu, nirudi.”

Kule polisi akamushika, sababu hakuwa na karatasi ya ruhusa. Emile akaonyesha mwenye motokari, aliyesimama na kikombe mukononi: “Muulize Bwana yule, ananijua.”

Muzungu huyo, ambaye juzi tu alikuwa anapaza sauti “Emile, vuta! Vuta!”, akamutazama vizuri, akasema: “Simujui mutu huyu.”

Emile akalala buloko siku saba. Toka hapo hakuimba tena kwenye kivuko.

Mimi ni mutu wa rozari, sipendi kutukana. Padri aliniambia nisamehe, na kila Ijumaa Kuu najaribu. Lakini Petro alipomukana Bwana wake, alitoka inje akalia. Huyu alinyanyua kikombe juu, akapigiwa makofi. Nina hasira hata leo, na Mungu anaijua.