Kurasa Alizoziruka Mpiga Pasi

Kupiga pasi mashuka ya hospitali ni kazi isiyo na mwisho, kwa sababu wagonjwa nao hawana mwisho. Mpiga Pasi, ndivyo walivyomwita hata jirani zake, alisimama kwenye meza ile ndefu toka asubuhi, mvuke ukimpiga usoni, na alasiri akarudi nyumbani hoi bin taabani, miguu imevimba. Mtu mwingine angejitupa kitandani. Yeye alimkuta dada yake sebuleni, mikono mapajani, uso umeelekea mlangoni, anasubiri kusomewa.

Dada huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya yote mawili. Kazi ikaenda, mume alikwisha kwenda zamani kwa hiari yake, kikabaki kinywa. Hapo muuza vitabu vya mtumba wa pale kona akafanya naye mapatano: atamwazima kitabu chochote bure, na Mwalimu akikimaliza atoe maoni. Maoni ndiyo yaliyouza. Mteja akianza kukigeuzageuza kitabu, muuza vitabu humwambia, "Hicho Mwalimu kashakisikia. Anasema hivi..." Na watu walinunua, maana Mwalimu hakuwa na simile kwa mwandishi yeyote.

Kwa mfano, riwaya moja ya mapenzi aliisemea hivi: "Wamependana mpaka mwisho kwa sababu hakuna hata mmoja wao anayefua. Kinawafaa wachumba." Kitabu cha kufundisha utajiri: "Huyu katajirika kwa kuwauzia ninyi hiki hiki." Historia ya reli aliisikiliza kwa heshima, kisha akasema mwandishi anawajua mainjinia wote kwa majina, ila wabeba mataruma hamjui hata mmoja. Mashairi aliyapenda, akataka yarudiwe. Lakini hadithi ya mpelelezi ilimuudhi. "Mpelelezi gani huyu? Kaingia chumbani, katoka na jibu. Ana haraka kuliko mwizi."

Haraka haikuwa ya mpelelezi, maskini ya Mungu. Ilikuwa ya Mpiga Pasi, aliyekuwa akiruka kurasa. Alianza na ukurasa mmoja wa kueleza mandhari, akaona hakuna aliyekufa, akazoea. Siku za mashuka mengi aliweza kumvusha mtu kutoka uchumba hadi wajukuu kabla ya chakula cha jioni. Nani wa kumlaumu? Mimi simo.

Kisha kikaja kitabu cha kuchekesha, cha familia ya waoka mikate wanaogombania tanuri. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Katikati ya kitabu Mpiga Pasi akafungua ukurasa, akaona jeneza dogo. Yeye alikuwa na binti mmoja tu, na homa ilimchukua mwezi ule ule aliotakiwa kuanza shule. Jina la mtoto huyo halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Basi akazikusanya kurasa za mazishi zote kwa pamoja, akazigeuza, akaendelea pale watu walipoanza kucheka tena. Wala si kwa uchovu. Aliogopa.

"Hiki mpeni mtu yeyote mwenye huzuni," Mwalimu alimwambia muuza vitabu. "Hakina msiba hata mmoja."

Haukupita muda, muuza vitabu akaja Jumamosi mchana, kitabu kile kile mkononi. Alisalimia, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwalimu, kuna mama alikinunua hiki kumpelekea mdogo wake aliyefiwa na mtoto. Nilimwambia maneno yako, vile vile. Yule binti kafika katikati, kakitupa, kajifungia. Haongei na mtu."

"Kafika katikati kakuta nini?" Mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, si mtoto anazikwa? Kurasa nzima nzima." Akajifuta jasho. "Yule mama hata hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Sasa pale kibandani watu wanauliza kama kweli unasomewa au unabuni tu."

Mpiga Pasi alimtazama dada yake. Dada yake hakugeuza uso upande wake hata kidogo.

"Nilisinzia," Mwalimu akasema. "Kosa langu."

Muuza vitabu alikiacha kitabu mezani, akaaga kwa adabu. Kila alipokuja huwa na kitabu kipya kwapani cha kuwaachia. Siku hiyo hakuleta kipya. Wote watatu walijua maana yake, na Mwalimu, aliyekuwa amebakiwa na kazi hiyo moja tu duniani, alikaa pale pale akizikunja ncha za kanga yake.

"Dada, nisamehe. Nilichoka."

"Kuchoka kwako nakujua. Mpelelezi alipokuwa anapaa nilijua umechoka, nikanyamaza, maana miguu ni yako. Hapa hukuchoka. Kuna nini humo?"

"Kuna jeneza dogo."

Mwalimu akamsogezea kitabu. "Soma," akasema.

Akasoma. Alisoma kurasa zote alizoziruka, polepole, bila kuacha neno, na humo kitabuni mlikuwa na mvua, na mama wa marehemu alilia, akazirai, akazinduka, akalia tena. 

"Unasemaje?" Mwalimu akauliza.

"Mimi? Maoni ni yako, dada."

"Macho ni yako. Unasemaje?"

Mpiga Pasi alikifunga kitabu. "Mwongo," akasema. "Mwandishi mwongo. Mama yule analia kila mstari. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza vile viatu vya shule. Nilimnunulia vikubwa ili avivae mpaka mwaka unaofuata, na hakuwahi kuvivaa. Watu wamejaa uani, wanaimba, mimi nawaza kama dukani watavipokea." Akakiweka kitabu chini. "Kesho yake nikavirudisha. Wakavipokea, dada. Nikarudi na sukari ya chai ya waombolezaji."

Hakuwahi kumwambia mtu. Hata sasa hakulia. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa miaka yote ile umemshukia kwa pamoja. Mwalimu alipapasa mpaka akaupata mkono wake, mgumu kwa joto la pasi, akaushika.

"Kesho utanipeleka kwa yule binti."

"Kesho nina zamu, dada."

"Baada ya zamu."

"Tukamwambie nini? Tumemdhuru, atatufukuza."

"Akitufukuza tutatoka. Asipotufukuza, mwambie hiyo ya viatu," Mwalimu akasema. "Mimi sitakuwa na la kusema."