Mulei Alivyopona kwa Mpango

Mulei wa Kalamba alikuwa mkulima wa ndengu na mzee wa kanisa, na tangu aokoke hakuna aliyemsikia akilalamika. Mbuzi wakifa, Bwana asifiwe. Mvua ikikataa, Bwana asifiwe. Kanisani kwao, kukiri ugonjwa kwa kinywa ni kumkaribisha shetani akae kitako, na Mulei hakuwa mtu wa kumpa shetani kiti.

Mwaka wa themanini na nane alipasuliwa ngiri katika hospitali ya misheni, akalazwa kitanda kilichopakana na changu. Mimi nilikuwa na mguu kwenye plasta, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kutazama.

Msimamizi wa wodi, Sista Ndeti, alikuwa ametoka semina Nairobi na kitu kilichoitwa mpango wa huduma. Kila ugonjwa ulikuwa na mpango wake, na watu wote wenye ngiri walihesabiwa kuwa na ngiri moja. Siku ya pili unatembea, hata kama ni kutambaa. Siku ya tano unaenda nyumbani. Sikatai, kabla ya hapo wodi ilikuwa vurugu tupu. Dawa ulipewa na aliyekukumbuka. Sasa kila mtu alikukumbuka, ila hakuna aliyekuangalia.

Kila asubuhi nesi alipita akiuliza, "Umeridhika na huduma?" Mulei, jasho likimtiririka na midomo imekauka, alijibu, "Bwana asifiwe, mimi niko salama." Nesi, ambaye naye ameokoka, alisema "Amina" na kutia tiki. Nilimwambia huyu mtu ana homa. Nikaambiwa nishughulike na mguu wangu.

Kidonda kikaanza kunuka mpaka chakula kikanishinda. "Mzee Mulei, sema ukweli, utakufa," nilimsihi. Akanijibu kwamba ameshapona kwa imani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu aliyaficha yake kwa aya za Biblia. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Sista.

Siku ya kwenda nyumbani ikaangukia siku ya wageni. Wajumbe wa bodi walikuja kuona wodi iliyosifiwa kuliko zote kwa wagonjwa walioridhika. Sista Ndeti akawaleta hadi kwa Mulei, ambaye alikuwa ameketi kitandani amevaa shati la safari. Mkewe, Mbinya, ndiyo kwanza alikuwa amefika kumchukua.

"Huyu ni ngiri yetu," Sista akasema. "Anaenda leo, vile mpango unasema. Mzee, umeridhika?"

"Bwana asi..."

Mbinya alikuwa ameshanusa. Akamfunua shati mumewe mbele ya watu wote, na wajumbe wakarudi nyuma wameziba pua.

"Wewe nyamaza!" alimwambia Mulei, machozi yakimtoka. "Utaamini baadaye. Hii kitu inaoza! Sista, hiyo mpango yako haina pua?"

Mulei alirudishwa thieta saa hiyo hiyo. Daktari alisema kwamba angefika Kalamba na kidonda kile, angerudishwa maiti. Alilazwa majuma mengi, akalia kwa maumivu kama sisi wengine, na sijawahi kufurahi hivyo kumsikia mtu mzima akilia.

Sista Ndeti naye hakuwa mjinga, alijifunza. Mpango ulirekebishwa juma lile lile. Wake za wagonjwa wakakatazwa kuingia wodini siku ya wageni.