Jogoo wa Numerio

Obelio wa Puteoli alikuwa seremala wa vitu vya kubomolewa. Miaka thelathini alisuka mbao za kushikilia matao na makuba. Chokaa ikishashika, kazi yake inang'olewa na kuishia kuwa kuni kwenye tanuri za hamamu, bafu za watu wote. Hakulalamika. Mdogo wake, Numerio, ndiye aliyekuwa mwashi, na kwao ilikuwa desturi: seremala anapogonga kabari kuondoa mbao, mwashi husimama chini ya kazi yake mwenyewe, watu wamwone.

Mwaka ule walijenga kuba la hamamu mpya. Tajiri aliyeugharimia mji hamamu hiyo aling'ang'ania ifunguliwe Saturnalia, sikukuu ya Warumi ya mwezi Desemba, na mvua mwezi mzima haikukatika.

"Hili bado bichi," Obelio alisema. "Lipe hata mwezi mmoja, ndugu yangu."

"Lo! Kaka, umezeeka mpaka unaogopa nyundo?" Numerio alicheka, akaenda kusimama katikati, mikono kiunoni. "Gonga bwana! Mafundi wananiangalia, usinitie aibu."

Aligonga. Masikini, aligonga! Kabari ya tatu ilipotoka, kuba zima lilishuka.

Baada ya maziko ya Numerio, Obelio alisuka mbao upya, ila ubao mmoja aliuokota kwenye kifusi. Numerio alikuwa akiukalia wakati wa kula, na kwa kisu alichonga humo jogoo, akidai ni kaka yake, maana aliwaamsha watu kabla ya jua. Obelio aliupanga katikati kabisa, jogoo akitazama juu, zege likamwagwa. Ubao utaungua, lakini zege hushika alama ya kila mkato wake.

Akangoja miezi minne, akimtukana kila aliyemharakisha. Kisha akagonga kabari na kusimama chini yeye mwenyewe. Kusema kweli, likianguka lianguke tu.

Halikuanguka. Jogoo alikuwa pale juu, ametokeza kwenye zege. Obelio alilia kwa sauti mbele za watu.

Kesho yake wakaja wapaka lipu.

"Jamani, acheni hapo katikati. Padogo tu, kama kiganja."

"Mzee, bwana mkubwa anataka lote jeupe. Sisi tumetumwa tu."

Akakaa chini akiwatazama. Miguu ikafunikwa, kisha mkia, kisha kichwa.

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Kila alipokwenda hamamu alilala chali sakafuni, watu wakimruka na kumcheka, akitazama pahali pamoja peupe.