Karani Alikunywa Kwanza

Juzi mjukuu wangu alimwekea mbwa maji kabla ya yeye mwenyewe kunywa, nikashindwa kutazama. Siku hizi safari yangu ndefu ni ya chooni, lakini enzi za Mwingereza, nikiwa binti mdogo, nilivuka nyika na baba kufuata chumvi, tukilala porini na mbwa wetu Karani, aliyepewa jina hilo kwa uvivu wake.

Mchana mmoja, vibuyu vikiwa vitupu, tulikuta dimbwi linalonuka utomvu. Baba akamwita Karani anywe.

"Mbwa kwanza, baba?"

"Subiri, mama."

Nikanuna. Sikujua kwamba wawindaji walikuwa wakitia sumu ya utomvu wa miti madimbwini kutegea wanyama. Karani alikunywa, akatikisa mkia, kisha akalala akitetemeka. Baba akanibeba mgongoni.

"Mwache apumzike," alisema.

Nami, kwa wivu, sikugeuka hata kumwita.