Neno Langu Kwenye Kamusi

Mie niliyeanza na baiskeli moja na sasa nina malori mawili ya abiria yaendayo Kengeja, nilidhani hakuna la kunishangaza tena. Kumbe!

Kila alasiri walimu na makarani walikuja barazani kwangu Tibirinzi kucheza herufi za mbao, wakipanga maneno ya Kiingereza. Siku moja Mwalimu Haji akapanga "zax".

"Ndiyo nini?"

"Kifaa cha kukatia mawe ya kuezekea, Mzee Khamis."

Kuezeka kwa mawe! Nikaona basi, neno likiwa la ajabu ndilo lenye alama nyingi. Zamu yangu nikapanga "qoj".

"Maana yake, Mzee?"

"Mashua ya Kizungu."

Wakatazamana. "Ahaa! Hongera, Mzee."

Miezi miwili nikawashinda wote, nao wanakunywa kahawa na kula halua yangu. Kiingereza sikusoma, lakini akili ninazo! Nikaagiza kamusi kubwa Mombasa, niwaonyeshe maneno yangu kitabuni.

Ilipofika nikamkabidhi Mwalimu mbele ya watu. "Tafuta qoj."

Akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Labda kamusi imesahau, Mzee."

Sikuelewa. Inasahauje?

Mke wangu, Bi Asha, akacheka nyuma ya pazia. "Mwambieni kweli, kahawa mtapata tu!"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Mzee, tumkosoe vipi mtu barazani kwake, halua yake imo mdomoni mwetu?"

Kamusi hiyo, pamoja na usafirishaji, ilinigharimu shilingi thelathini na mbili na senti hamsini.