Flashi Mpya na Miguu ya Bi Hadija

Jamani, aibu hii nitaificha mpaka lini? Mimi ni mpiga picha wa Garsen, na kule Ndera huniita harusini kwa sababu ni mwanamke. Kwenye ngoma ya akina mama mwanamume hakanyagi. Wenyewe huvua mabuibui mlangoni wakacheza watakavyo.

Juzi nilienda na flashi mpya, na maringo juu. Bi Hadija, nyanya yake bibi harusi, akanivuta mkono. "Wanasema goti langu limekufa. Nipige nikiruka, miguu ikiwa juu!"

"Ondoa shaka, nyanya. Hii inanasa hata nzi."

Nikaiongeza kamera kasi. Aliyeniuzia flashi alinionya kwamba kwa kasi hiyo lazima nibonyeze kitufe fulani, la sivyo pazia la kamera litaanza kufunga kabla mwanga haujaenea picha nzima. Nilimjibu, "Najua." Kitufe sikukigusa.

Na kuzitazama picha sikuzitazama, maana nilikuwa nimeziba kioo cha nyuma cha kuonyeshea picha kwa plasta ili akina mama waamini hakuna atakayewachungulia. Bi Hadija akaruka, vigelegele vikatetemesha mabati, nami nikabonyeza mpaka kidole kikauma.

Kesho yake nikafungua kompyuta mbele yao wote. Picha ya kwanza, nyuso zinang'aa, lakini kuanzia kifuani kwenda chini ni giza totoro. Ya pili vilevile. Zote!

Bi Hadija akavaa miwani, akasogea.

"Mwanangu, mabuibui tuliyavua mlangoni. Mbona umetuvalisha tena?"