Pumzi katika simu ya kliniki

Saa tatu asubuhi simu inaita juu ya kigoda, nyumbani kwa Ndayikunda Petero, katika kijiji cha wavuvi kusini mwa Ujiji. Ndayikunda, mjamzito wa miezi minane, anaitazama bila kuigusa.

"Pokea," anasema Stephania Bukeyeneza. "Leo ni sauti yangu."

"Pokea wewe, dada. Wewe umezoea."

Stephania (34) ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Anafuatilia wajawazito 61 waliosajiliwa katika mfumo wa kompyuta unaowapigia simu kuwakumbusha siku ya kliniki. Wengi wao hawasomi, hivyo ujumbe ni wa sauti iliyorekodiwa. Hadi wiki iliyopita sauti hiyo ilikuwa ya Esther Nikodemu, mhudumu aliyemtangulia.

Esther alifariki Machi kwa pumu. Alizikwa Jumamosi. Jumatatu aliwapigia simu wanawake kumi na mmoja.

"Hakuna aliyekumbuka kuuzima mfumo, nao unapiga wenyewe," anasema Stephania. "Tulikuwa bado tumekaa msibani. Simu ya jirani ikaita pale pale mkekani, akaweka spika kwa mazoea. Mama yake Esther alikuwa anasikia."

Huku mtu haelezi shida yake kabla salamu haijajibiwa. Kwa hiyo Esther, aliporekodi, alisema "Mwakeye," salamu ya asubuhi kwa Kiha, kisha akanyamaza kidogo ili msikilizaji aitikie, ndipo akataja kliniki. Wanawake walimwitikia kweli, wengine wakimtania. Baada ya mazishi walianza kukata simu katika ukimya huo, kabla tarehe haijatajwa.

"Ukimwitikia marehemu umekubali kwenda naye," anasema Angela, mama mkwe wa Ndayikunda, akimenya mihogo mlangoni. "Nani ana haraka hiyo?"

Mei, waliofika kliniki walikuwa 23. Ndayikunda hajaonekana tangu siku moja ya Machi ambayo presha yake ilisoma 150 kwa 95. Mimba yake ya kwanza iliishia kwenye kifafa cha mimba, na mtoto hakuishi.

"Mwingine akikosa mwezi mmoja ninaweza kusubiri," anasema Stephania. "Huyu hapana."

Ndiyo maana alidai sauti ibadilishwe. Anatoli, fundi wa mfumo, alikuja kutoka mjini na kumrekodi katika chumba cha sindano cha zahanati, madirisha yakiwa yamefungwa. Leo ndiyo mara ya kwanza ujumbe mpya unafika katika nyumba hii.

Stephania anapokea simu na kuweka spika.

"Mwakeye," inasema sauti yake. Kisha kimya.

Ndayikunda anainua mkono. "Huyo nani?"

Katika ukimya huo mtu anavuta pumzi. Ni pumzi ndefu, yenye mluzi mwembamba kifuani, inayokwama kidogo kabla ya kutoka. Kisha sauti ya Stephania inarudi na kutaja tarehe.

Stephania anampigia fundi papo hapo. Ujumbe una vipande vitatu, Anatoli anaeleza: salamu, kimya na tarehe. Alibadilisha viwili vyenye maneno.

"Cha katikati sikukigusa. Niliona hakina kitu."

"Kina mtu," anamjibu Stephania.

Angela haachi kumenya. "Mmemtoa nusu," anasema. "Nusu mmeibakiza humu ndani kwangu."

Kisha Ndayikunda anasimama, anajifunga kitenge na kusema ataenda kliniki sasa hivi, mradi simu ibaki pale pale. Inabaki juu ya kigoda, kioo kikiwa kimelazwa chini. Yeye na Stephania wanapanda bodaboda moja hadi zahanati. Presha inasoma 160 kwa 105. Muuguzi anampa dawa na kumwandikia rufaa, na kabla ya saa saba gari la wagonjwa limeshampeleka hospitali mjini, atakakosubiri kujifungua.

Stephania atarudi katika chumba cha sindano Alhamisi. Safari hii amemwambia fundi arekodi hata kile kimya.

"Nitakaa mbele ya kinasa sauti ninyamaze," anasema. "Ndayikunda ameahidi kwamba akirudi na mtoto atapokea simu za chanjo, ila kwanza atasikiliza ni nani anayepumua. Pumzi yangu anaijua. Kwenye pikipiki nilikuwa nyuma yake njia nzima."